Mbwa ana kisukari na meno yameoza, sukari imegoma kushuka: nianze na kipi?

#1 Raskazone Boy
Wakuu salama? Niende moja kwa moja. Nina mbwa jike anaitwa Kashata, chotara wa spitzi, miaka 9, kilo 9 na kidogo. Miezi kama mitano nyuma alianza kunywa maji ajabu, bakuli la lita moja linaisha mara mbili kwa siku, akawa anakojoa ndani kitu ambacho hajafanya tangu akiwa mtoto, anakula vizuri tu ila ukimpapasa mgongo unahesabu pingili. Kupimwa sukari 27. Tukaanza insulini ya watu, ile yenye rangi ya maziwa, asubuhi na jioni akishakula. Miezi mitatu mambo safi, sukari inacheza 9 mpaka 13.

Sasa ni wiki ya tano imegoma. Dozi imepanda kutoka uniti 4 hadi 10 na bado asubuhi nakuta 22, 24, juzi 26. Na kuna hili la mdomo. Ananuka kiasi kwamba akipiga miayo sebuleni wageni wanaangaliana, kila mtu anamshuku mwenzake. Nikafunua mdomo na tochi ya simu nikakuta magego ya juu yamefunikwa na kitu cha kahawia kama zege, ufizi mwekundu, nikagusa na pamba ikatoka na damu.

Daktari wa kwanza kasema meno ndiyo yanapandisha sukari, alazwe nusu kaputi asafishwe, mabovu yang'olewe. Wa pili kasema mbwa mwenye sukari 24 halazwi, shusha sukari kwanza. Yaani sukari haishuki kwa sababu ya meno na meno hayaguswi kwa sababu ya sukari. Napigwa danadana. Aliyepitia hili anisaidie.

#2 Mlalahoi
Umemwita mbwa Kashata halafu unashangaa kisukari? Ungemwita Mwarobaini saa hizi tungekuwa tunaongea mengine.

#3 Kinoo Mwisho
Mbwa anachomwa insulini mara mbili kwa siku, mimi shangazi yangu anaruka dozi kwa kukosa hela. Dunia hii.

#4 Binti Ngamiani
#3 pole kwa shangazi, kweli kabisa pole, lakini Kashata akifa leo dozi yake haiendi kwa shangazi yako. Tumwache mtu aulize.

Picha ya meno mkuu.

#5 Tabibu Kinywa
Mimi natibu midomo ya watu siyo ya mbwa kwahiyo mnivumilie. Kwa watu hili jambo linajulikana siku nyingi na linaenda pande zote mbili. Sukari ikiwa juu mwili unashindwa kupambana na bakteria wa ufizi, ufizi unaoza haraka. Na ufizi ukishakuwa kidonda cha kudumu, ule uvimbe unamwaga kemikali kwenye damu zinazofanya insulini isisikilizwe. Piga hesabu ya eneo: ufizi wote uliovimba kuzunguka meno yote ukiutandaza ni kidonda kikubwa tu, ila kwa vile kipo ndani ya mdomo hakuna anayekiona. Mtu akija na kidonda cha ukubwa huo mguuni hakuna atakayemwambia subiri.

Mimi nipo upande wa daktari wa kwanza.

#6 Sis wa Kabete
Habari zenu kutoka huku Nairobi. Nafanya kwa kliniki ya wanyama, sio daktari lakini nashika mbwa wakitibiwa kila siku.

Wote wawili wako na point yao. Ukweli ni kwamba ukingoja sukari ikae vizuri kabisa na kuna jino limeoza, utangoja mpaka Kashata azeeke. Hatungojangi namba iwe nzuri. Tunaangalia: ana ketoni kwa mkojo, zile asidi mwili unatoa ukichoma mafuta badala ya sukari? Amekauka maji? Anatapika? Anakula? Kama hana ketoni na anakula vizuri anaweza lazwa hata kama sukari iko juu kiasi. Kama ana ketoni hapo daktari wa pili yuko sahihi, hiyo inatibiwa kwanza, meno yangoje. Kwahiyo swali la kuwauliza sio kipi kianze, waulize ketoni zimepimwa?

Na hiyo kitu kama zege ni ugaga. Ule utando laini ukikaa siku mbili tatu unashika chumvi za mate unakuwa jiwe. Mswaki hautoi jiwe. Na jiwe lenyewe sio ndio shida kubwa, shida ni kile kiko chini ya ufizi penye huoni na tochi ya simu.

#7 Fundi Friji
Mnakimbilia meno. Mkuu wa Tanga, chupa ya insulini ina muda gani tangu uifungue? Na umeme kwenu unakatika mara ngapi? Nimetengeneza mafriji miaka 14, nimeshakuta watu wanaweka dawa kwenye mlango wa friji ambao unafunguliwa mara arobaini kwa siku, wengine wameiegemeza kwenye ukuta wa barafu inaganda. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikarudi kuonekana nzima. Dozi imepanda mara mbili na nusu na namba haisogei, hiyo kwangu ni dawa imekuwa maji.

#8 Mtu wa Columbus
Niko Ohio, wangu alikuwa na kisukari miaka minne. Kabla ya yote angalieni sindano. Kuna insulini ya mbwa inatokana na nguruwe hiyo ni uniti 40 kwa mililita, na za watu nyingi ni uniti 100. Mabomba yake ni tofauti. Mimi wiki ya kwanza nilitumia bomba la 100 kwa dawa ya 40, nikavuta mpaka mstari wa 6 nikidhani nampa 6, kumbe anapata 2 na kidogo. Wiki nzima najiona muuguzi hodari.

Na meno huku ukisikia bei unaweza kung'oa mwenyewe na koleo. Dola mia kadhaa kusafisha tu, ukianza kung'oa inavuka elfu.

#9 Raskazone Boy
Asanteni. Nawajibu kwa pamoja.

#4 picha nimejaribu, mdomo unafungwa kabla simu haijatulia, nimepata picha kumi za pua.

#6 ketoni hakuna aliyepima. Kesho nanunua vile vijiti vya mkojo.

#7 aisee. Chupa hii niliifungua kama wiki 7 zilizopita. Umeme unakatika ndiyo, ila nikijua utakata muda mrefu naihamishia kwenye mtungi wa udongo kama alivyokuwa anafanya marehemu mama na yake.

#8 dawa ni ya 100 na bomba ni la 100, hapo nipo salama.

#10 Fundi Friji
Wiki 7! Zile ukifungua ni wiki 4 mpaka 6 basi. Nimemaliza kazi yangu, uzi ufungwe.

#11 Mwalimu Mstaafu
Usifungwe. Wiki tano nyuma ndiyo sukari ilianza kugoma kwa maelezo yake mwenyewe kwenye #1, wakati huo chupa ina wiki mbili tu. Mtungi nao si wa kudharau, wengi waliweka dawa humo na ikawafaa. Fundi umeshika hesabu moja umeacha nyingine.

#12 Mama Mapacha
Samahani naingilia, Kashata ameshafungwa kizazi? Nauliza kwa sababu wangu ilikuwa hivyohivyo. Jike akimaliza joto, yaani kile kipindi cha kutaka dume, ile homoni ya mimba inabaki juu miezi miwili hata kama hajapandwa. Daktari alinieleza kwa mbwa hiyo homoni inaamsha matiti yatengeneze homoni ya ukuaji, na hiyo ya ukuaji ndiyo inapigana na insulini. Unaongeza dozi unaongeza dozi, kumbe unashindana na kizazi. Alipofungwa dozi ilishuka karibu nusu.

#13 Raskazone Boy
Hajafungwa. Na sasa nakumbuka, alipata joto kama wiki saba nane hivi zilizopita. Eh jamani.

#14 Dokta wa Mitishamba
Mnamtisha kijana. Meno ya mbwa yanasafishwa na mfupa, hayo mengine ni biashara. Mbwa wa bibi yangu hawajui nusu kaputi, wanapewa mguu wa ng'ombe, meno meupe kama nazi. Au chukua dawa ya mswaki yako weka kwenye kidole sugua, mimi nafanya hivyo kila Jumapili.

#15 Sis wa Kabete
#14 tafadhali wacha. Dawa ya meno ya watu mbwa hatemi, anameza yote, na floridi sio ya tumbo. Zingine zinawekwa ile sukari ya bandia inaitwa zailitoli (xylitol). Kwa mtu haina neno. Kwa mbwa inafanya kongosho imwage insulini kwa wingi, sukari inaanguka ndani ya nusu saa hivi, na ikiwa nyingi ini inaharibika. Hata bazoka za bila sukari zina hiyo kitu. Mbwa mzima inaweza muua, sembuse huyu anachomwa uniti 10.

#16 Dokta wa Mitishamba
Wangu hajafa.

#17 Mlalahoi
Anaogopa kufa akujibu.

#18 Sajini Mstaafu
Kuhusu mifupa. Nilifuga mbwa wa ulinzi, dume kubwa, kila Jumamosi mfupa wa paja kutoka kwa muuza supu. Siku moja naamka nakuta uso umevimba chini ya jicho la kushoto kama kaumwa na nyuki. Nikampa siku mbili. Ukapasuka wenyewe, tundu dogo linatoa usaha chini ya jicho, mimi nikajua jicho ndiyo basi. Nikatia dawa ya macho wiki nzima, tundu linafunga linafunguka. Kuja kumpeleka daktari akanicheka, jicho zima. Ni gego la juu lile kubwa, la kukatia nyama, lilipasuka kipande kama kigae, mizizi yake mitatu iko chini kabisa ya jicho, usaha ukatafuta njia ukatokea pale. Akaning'olea, nikaona lile jino lenyewe, ufa umeenda mpaka kwenye mzizi mweusi. Na wakati wote huo alikuwa anakula! Kabadilisha upande tu. Hiyo ndiyo iliniuma, kwamba alivumilia miezi na mimi najisifu namjua mbwa wangu.

Tangu hapo kipimo changu ni kucha: kama kitu ukikibonyeza na kucha hakibonyei, mbwa asitafune.

#19 Binti Ngamiani
#18 umenifanya niende kufunua mdomo wa wangu saa tano usiku. Kanishangaa.

#20 Nusu Mkemia
Naongeza moja. Raskazone, aliwahi kuwashwa ngozi hivi karibuni akachomwa sindano ya mwasho? Nyingi ya zile ni deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) au ndugu zake. Inatuliza mwasho siku hiyohiyo na inapandisha sukari vibaya. Kwa mbwa wa kisukari ni kama kumwaga petroli.

#21 Raskazone Boy
Alichomwa. Kama mwezi na nusu uliopita, kupe walimsumbua. Kwenye kadi kumeandikwa "sindano" na bei.

#22 Mlalahoi
Kwahiyo meno, chupa, kizazi na sindano. Bado tu jirani mwenye wivu.

#23 Kipusa wa Mtoni
Mnasahau chakula. Anakula nini huyo?

#24 Raskazone Boy
Ugali wa dona na dagaa, mara mapupu. Muda uleule, kipimo kilekile cha bakuli.

#25 Tabibu Kinywa
Kipimo kilekile ni vizuri. Ugali mlaini unaganda kwenye shingo za meno lakini, tusiusahau nao.

Harufu yenyewe ikoje? Nauliza kwa maana. Harufu ya nyama iliyooza ni meno. Harufu kama ya matunda yaliyopitiliza au ile ya kuondolea rangi ya kucha, hizo ni ketoni, hapo usisubiri kesho.

#26 Raskazone Boy
Mke wangu kanusa kwa niaba yangu. Kasema samaki wa juzi. Rangi ya kucha hapana.

#27 Mzalendo Halisi
Ila tukumbuke insulini yenyewe tumeipata kwa mbwa. Banting aliigundua kwa kumtoa mbwa wake kongosho. Deni lipo.

#28 Mwalimu Mstaafu
Umechanganya mbili. Waliomtoa mbwa kongosho wakaona amepata kisukari ni Minkowski na von Mering, Strasbourg, 1889. Banting na Best ni Toronto 1921, walikuwa wanachukua majimaji ya kongosho la mbwa mmoja wanamchoma mbwa mwingine aliyetolewa la kwake. Mmoja wao aliitwa Marjorie. Nobeli ya 1923 wakapewa Banting na Macleod, Best akaachwa, Banting akamgawia nusu ya hela yake.

Na nyongeza, insulini ya mbwa na ya nguruwe ni moja herufi kwa herufi. Ya binadamu imetofautiana kidogo sana, sehemu moja tu.

#29 Mlalahoi
Kwahiyo Kashata anaruhusiwa kitimoto.

#30 Mtu wa Columbus
Nilisahau kitu, kile kipimo cha sukari cha watu kwenye damu ya mbwa mara nyingi kinasoma chini ya ukweli, kwa sababu sukari kwenye damu ya mbwa imegawanyika tofauti kati ya majimaji na chembe nyekundu. Ukiona 24 huenda ni zaidi. Ila faida yake ukiona ndogo huenda siyo ndogo kiasi hicho.

Na usikubali yule wa kukwangua meno mbwa akiwa macho. Huku wapo wengi. Anang'arisha unapopaona, chini ya ufizi anapaacha vilevile, unalipa kwa kupaka rangi nyumba yenye mchwa.

#31 Raskazone Boy
MREJESHO. Samahani kwa kimya, wiki nne zimepita.

Vijiti vya mkojo: ketoni hakuna, sukari imejaa. Nikarudi kwa daktari wa kwanza na maswali ya hapa, akatabasamu akaniuliza nimesomea wapi. Akamfanyia Jumanne, mgonjwa wa kwanza asubuhi. Usiku alikula kawaida, asubuhi hakula, akapewa nusu ya dozi ya insulini, dripu ikafungwa, wakawa wanamtoboa ncha ya sikio kila nusu saa kupima. Wametoa meno sita. Gego la juu kulia hawakulivuta hivihivi, walilikata vipande vitatu kila mzizi ukatoka peke yake, mmoja ulikuwa unaelea kwenye usaha. Mchana alikuwa ameamka, jioni kala ugali uliolainishwa na mchuzi usio na chumvi, nikamchoma kama nilivyoelekezwa.

Sasa sehemu ya kutisha. Siku ya nne saa moja usiku namuona anatembea kama mlevi, miguu ya nyuma inapishana, anagonga kiti. Napima, 3.1. Asali ilikuwa kabatini, nikampaka ndani ya shavu upande usio na nyuzi, mkono unatetemeka kuliko wake. Baada ya dakika kumi na tano hivi akaniangalia kama ananiuliza kulikoni, akataka chakula. Daktari kashusha dozi hadi uniti 5 na sasa asubuhi nakuta 10, 11, 14.

#32 Tabibu Kinywa
Alhamdulillah. Na #31 ndiyo ushahidi. Usaha umetoka, insulini imeanza kusikilizwa, dozi ya zamani ikawa kubwa mno. Hilo la siku za mwanzo baada ya kung'oa kila mtu alikumbuke, sukari ipimwe mara nyingi zaidi.

#33 Fundi Friji
Swali dogo tu. Chupa ulibadilisha lini?

#34 Raskazone Boy
Wiki hiyohiyo ya meno, kwa ajili yako.

#35 Fundi Friji
Sina la kuongeza.

#36 Mama Mapacha
Na tangu joto imeshafika miezi mitatu kasoro, homoni imeshuka yenyewe. Subirini joto lijalo mtaniambia. Mfunge kizazi mkuu, usingoje.

#37 Nusu Mkemia
Na deksa imeshatoka mwilini.

#38 Tabibu Kinywa
Jamani mzizi ulikuwa unaelea kwenye usaha!

#39 Mwalimu Mstaafu
Vyote vinne vimebadilika mwezi mmoja. Hapa hata Minkowski angeomba mbwa mwingine.

#40 Raskazone Boy
Kizazi daktari kasema tumpe miezi miwili apone kwanza. Swaki nimepewa la kidoleni na dawa ya mbwa yenye ladha ya kuku, kila jioni kabla ya sindano. Siku mbili za kwanza kaninyang'anya kidole. Sasa hivi akisikia kifuniko kinafunguliwa anakuja mwenyewe anakaa.

#41 Binti Ngamiani
Macho yake yakoje? Mbwa wengi wa kisukari wanapata mtoto wa jicho, tena haraka.

#42 Raskazone Boy
La kulia lina ukungu. Kwenye ngazi anasita kidogo.

#43 Mlalahoi
Pole mkuu, hapo sina utani.

#44 Mpya Hapa
Habari za humu, nimesoma uzi wote. Mimi nina paka, ni mnene, anakunywa maji sana na mdomo unanuka. Naye nimuwahishe?

#45 Sis wa Kabete
Muwahishe. Na ufungue uzi wake, paka ni hadithi ingine.

#46 Mlalahoi
Anaitwa nani huyo paka?

#47 Mpya Hapa
Halua.